Kila mwezi nalipia kufunguliwa, na bado nimefungwa

Bwana Yesu asifiwe, Bibi. Shikamoo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nina miaka 31, mzaliwa wa Korogwe. Mume wangu ni askari, na tangu mwaka juzi tumehamishiwa Wete. Tunakaa kota. Kabla ya hapo tulikuwa Unguja, tukisali katika kanisa moja dogo la maombezi, na huko ndiko nilikookokea. Nilimpenda Mungu, Bibi. Nilikuwa nikiimba machozi yanatoka yenyewe, nikitoka ibadani najiona mwepesi kama niliyetua mzigo wa kuni.

Tulipofika Pemba sikuona kanisa la aina yetu. Mwaka jana nikapata mimba, ikatoka ina miezi minne. Nikapata nyingine, ikatoka kabla haijafika miezi miwili. Kina mama wa kanisa letu la zamani wakanipa namba ya mtumishi mmoja wa Bara mwenye kundi la maombi kwenye simu. Aliniuliza habari za ukoo, nami nikasema kweli, kwamba bibi mzaa mama alikuwa mganga wa mizizi. Akasema, "Hapo hapo!" Akasema tumbo langu limefungwa kwenye madhabahu ya bibi, nipande mbegu ya elfu hamsini ili ivunjwe. Nikatuma. Mwezi uliofuata akaona kifungo kingine, cha bahari, kwa sababu nimevuka maji kuja kuishi huku. Nikatuma tena. Kikaja cha tatu: jirani yangu, mama mmoja mtu mzima wa hapa Wete, aliniletea uji wa pilipili manga siku nilizokuwa kitandani, akakaa na mimi bila maneno mengi. Mtumishi akasema uji huo ndio uliofungua mlango wa jini. Tangu hapo namkwepa yule mama, na roho inaniuma, maana siku ile aliyokaa na mimi ndiyo siku pekee mwaka huu niliyosikia amani.

Nimepiga hesabu, nimeshatuma laki nne na sabini. Nauza vitumbua na chapati, lakini nyingine ni pesa ya kikoba. Mume wangu hajui. Nimefunga kula mara tatu, siku saba saba. Niliambiwa pia nizichome nguo za kichanga nilizokuwa nimeshona, kwa kuwa "zinaita mauti". Sikuweza. Nimezificha ndani ya sanduku chini ya shuka.

Sasa nadaiwa laki tatu ya mkesha mkubwa wa kufunguliwa, mwisho mwisho wa mwezi, ama mlango utafungwa moja kwa moja. Na mimi, Bibi, sisikii kitu tena. Nikipiga magoti ni kama ile sauti ya simu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Usiku sipati usingizi. Alfajiri inaadhiniwa, nasikia majirani wanaamka, maji yanamwagika, wanaswali na kurudi kulala, nami nawaonea wivu. Kuomba kwa sauti siwezi, kota kuta ni nyembamba. Kuna siku nafikiri Mungu amebaki Bara.

Nitume hiyo laki tatu? Nimefungwa kweli? Na uwepo wa Mungu niliokuwa nao, naupata vipi tena?

Mwenye kiu, Wete

*

Amina, mwanangu. Marahaba.

Nianze na hili kabla mwisho wa mwezi haujafika: usitume. Si laki tatu, si elfu tatu. Namba hiyo uifunge kwenye simu na kundi hilo utoke, leo, kabla hujasoma zaidi. Mengine yanaweza kusubiri, hilo haliwezi.

Najua hofu itakayokujia ukishatoka. Utalala usiku wa kwanza ukingoja jambo baya. Mtoto akipiga chafya utasema ndilo hilo. Mimi nimekaa na wanawake wengi katika hofu hiyo, na nakuambia inapungua, kama homa inavyopungua, kwa siku na si kwa dakika.

Kwa nini nina uhakika namna hii? Kwa sababu ya neno moja lililomo kwenye Biblia yako, ambalo nadhani umelisoma mara nyingi na kulipita. Fungua Wagalatia, sura ya 5, mstari wa kwanza, katika ile tafsiri yetu ya zamani: "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa." Litazame vizuri. *Ungwana. Kuandika huru. Kongwa.* Maneno hayo ni ya pwani hii. Mwungwana ni yule ambaye si mtumwa. Kongwa ni ule mti wa panda waliofungwa shingoni watu walioletwa huku kutoka bara, wakatembezwa nao miezi. Na kuandika huru ni jambo lililokuwa likifanyika hapa hapa visiwani: bwana anamwandikia mtumwa wake hati, na tangu saa hiyo mtu yule hana wa kumdai.

Nalisema hili nikiwa mjukuu wa watu wa Mbweni. Wazee wangu walitolewa ndani ya majahazi yaliyokamatwa na manowari za Kiingereza, wakawekwa Mbweni na wamisheni wa Kiingereza, wakaishi kwa kengele na kanuni zao. (Wamisheni nao hawakuwa malaika, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.) Ukija Unguja nenda Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, na Krismasi ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali pale pale, Edward Steere, mmisheni wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu mwaka uliofuata, akiusimamia ujenzi. Altare inasemekana iko pale ulipokuwa mti wa kuchapia. Watalii hupapiga picha. Mimi huenda nikakaa benchi la nyuma nikifikiri kitu kimoja: hapa watu walinunuliwa, na baada ya hapo hapakununuliwa mtu tena.

Hati ndiyo ninayotaka uifikirie. Utumwa ulipofutwa Unguja na Pemba, 1897, sheria haikumfuata mtu nyumbani. Ilimpasa aende mwenyewe kudai uhuru wake, apewe karatasi yake. Wengi hawakwenda. Wengine waliogopa, wengine hawakujua waende wapi na shamba lilikuwa la bwana yule yule. Sasa mfikirie mtu aliyekwisha kuandikwa huru, hati anayo mkononi, halafu anatokea mwingine njiani anamwambia: hati hii haijakamilika, nipe hamsini niongeze muhuri. Mwezi ujao anamwambia muhuri umefutika. Huyo bado anamweka mtu sokoni. Ndivyo ulivyofanyiwa, mwanangu, na nakasirika nikiandika.

Petro aliwahi kuletewa pesa na mtu aliyedhani nguvu za Mungu zina bei. Jibu lake limo katika Matendo, sura ya 8: "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe, kwa kuwa umedhania ya kuwa karama ya Mungu yapatikana kwa mali." Hapo mnunuzi ndiye aliyekemewa. Muuzaji sijui angeambiwa nini.

Sikuambii kwamba pepo hawapo. Nimezaliwa Unguja, sina ujinga huo. Mkristo anaamini wapo, na anaamini wameshindwa. Injili imejaa watu waliofunguliwa na Yesu, na kwa kumbukumbu yangu hakuna hata mmoja aliyerudishwa mwezi uliofuata kufunguliwa kifungo kingine kwa ada mpya. Aliyekuwa na jeshi la pepo alikutwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake. Wewe kila "unapofunguliwa" unaogopa zaidi: kwanza bibi yako, kisha bahari, kisha jirani. Huo ndio ungekuwa ushahidi wa kutosha kwangu. Paulo anasema alipo Roho wa Bwana, hapo ndipo penye uhuru. Kule ulikokuwa palikuwa na nini?

Bibi yako mzaa mama sasa. Alichimba mizizi, akawapa watu dawa, pengine na mengine ambayo wewe huyaamini. Hayo ni kati yake na Mola wake. Ezekieli, sura ya 18, imeandikwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakilia kwamba wanalipa makosa ya wazee wao, na nabii akawakatalia kabisa: mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Kama bibi alikubeba mgongoni, mkumbuke kwa hilo. Usimfanye mchawi wa maisha yako kwa sababu mtu asiyemjua amekwambia hivyo kwa simu.

Na mimba. Hapa nitasema polepole. Kati ya mimba kumi ambazo mama anajijua kuwa nazo, moja au mbili huharibika, kwa Wakristo na Waislamu, kwa wajukuu wa waganga na wajukuu wa mapadri. Mara nyingi sababu ni kasoro ya mbegu yenyewe tangu mwanzo, jambo ambalo hukulifanya wala usingeweza kulizuia. Lakini zimeshakuwa mbili, na moja ilikuwa ya miezi minne, kwa hiyo nenda hospitali, useme yote mawili, upimwe damu, presha, sukari na mengine watakayoona. Wakikuambia uende Chake au uvuke Unguja kumwona bingwa, vuka. Ile laki tatu ndiyo nauli. Na uwaambie pia kwamba hulali. Kutolala kwa miezi, kutosikia ladha ya kitu, kujiona umetupwa, hayo yana tiba, na kuyatibu si upungufu wa imani.

Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta mahali uliposema kwamba ulilia. Sikupaona. Uliambiwa ukemee, uvunje, ufunge, utume. Kuna aliyekuambia pole? Nadhani mmoja tu, na alikuja na bakuli.

Kwa hiyo nakwambia mimi: pole sana, mwanangu. Pole kwa mtoto wa kwanza. Pole kwa wa pili.

Tufike kwenye uwepo wa Mungu, maana naona ndiyo kiu yenyewe. Unakumbuka siku uliyoshuka Wete mara ya kwanza, kama ulikuwa msimu wa karafuu? Zimeanikwa majamvini kila mahali, harufu inakupokea hujafika. Mimi nilikaa Pemba miaka minne nikifundisha katekisimu, na mwezi wa pili tu nikawa sisikii tena. Nilidhani msimu umekwisha. Akaja mgeni kutoka Unguja, akasimama mlangoni, akavuta pumzi akasema, "Nyumba yako inanukia!" Karafuu zilikuwa pale pale. Pua yangu ndiyo iliyozizoea. Na ukiwa na mafua, hata ulale juu ya gunia hutasikia kitu.

Wewe una mafua, mwanangu. Msiba huziba pua. Kukosa usingizi huziba. Kufunga kula siku saba mara tatu, na mwili umetoka kumwaga damu, huziba kabisa. Yale machozi ya wimbo kule Unguja yalikuwa ya kweli na mshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini yalikuwa harufu. Mama Teresa wa Kalkuta alifariki 1997, na miaka 10 baadaye barua zake zilipochapishwa, watu walishangaa kukuta kwamba kwa karibu miaka 50 hakuwa akimsikia Mungu moyoni. Alikuwa akiamka, anasali, anakwenda kuwaosha wagonjwa. Namtaja si kwa sababu nataka ukae gizani miaka 50, Mungu apishe mbali, bali ujue giza hilo halina maana ya kuwa umefukuzwa.

Habari ya Eliya unaijua: upepo, tetemeko, moto, kisha sauti ndogo, ya utulivu. Wahubiri hukimbilia hapo. Rudi nyuma kidogo katika sura hiyo hiyo ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Kabla ya sauti, nabii yuko chini ya mti anaomba afe. Na Mungu hamkemei. Hamwulizi habari za ukoo wake. Malaika anamgusa, anamwambia ale, na hapo kichwani pake pana mkate na gudulia la maji. Anakula, analala tena. Anaamshwa, anakula mara ya pili. Ndipo anapata nguvu za kwenda mlimani.

Sasa niambie, ule uji ulikuwa nini?

Najua kuna msomaji atakayeniandikia kwa ukali kwamba malaika wa Bwana hawezi kuwa jirani Mwislamu wa Wete. Aandike. Mjane wa Sarepta yupo kwenye Biblia, na hakuwa Mwisraeli, na kwake ndiko Eliya huyo huyo alikolishwa. Nenda kwa yule mama. Mchukulie vitumbua. Huna haja ya kumweleza yote, mwambie tu, "Nilikuwa na yangu, bibi, nisamehe." Watu wazima wa Pemba wanaelewa maneno machache kama hayo.

Kuomba kwa sauti unakosema huwezi, usikuhuzunikie. 1897 hiyo hiyo walifika Pemba Wakristo wa Kiingereza wanaoitwa Marafiki, Quakers, wakawa na shamba la karafuu Banani, karibu na Chake Chake, walioachwa huru wakifanya kazi humo kwa mshahara. Desturi yao ya asili katika ibada ni kukaa kimya, wakimngoja Mungu, mpaka mmoja aone ana neno la kusema, na asipokuwepo mwenye neno wanainuka wanakwenda zao. Mimi ni Mwanglikana, nilizoea kitabu na majibizano, na ukimya huo ulinisumbua nilipousoma mara ya kwanza. Leo ndio ninaoutumia usiku.

Fanya hivi. Alfajiri ikiadhiniwa, na kwa kuwa umeshaamka, usilale ukiwaonea wivu majirani. Kaa kitandani, miguu chini. Sema sentensi moja ya zaburi, moja tu. Ukiwa na uchungu, ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo nayo ni sala, imo ndani ya Biblia, huna haja ya kuiomba radhi. Ukiwa na hofu ya bahari, ya 139: "Ningezitwaa mbawa za asubuhi, na kukaa pande za mwisho za bahari, huko nako mkono wako utaniongoza, na mkono wako wa kuume utanishika." Aliyeiandika hakuona kwamba kuvuka maji kunamwacha Mungu ng'ambo. Kisha nyamaza kwa muda wa kuchemsha chai, ukawashe jiko. Usijipime kama umesikia kitu. Usifunge kula mwaka huu. Kula.

Jumapili tafuta Wakristo wenzako. Pemba ni wachache na makanisa ni ya kuhesabu, kwa hiyo hutachagua. Wakiwa Wakatoliki, wakiwa Waanglikana, kaa nao. Utaona ibada imepoa kuliko uliyoizoea, huenda ukasinzia. Sinzia. Uko kwa watu, na siku moja utajikuta unaitikia "Amina" kabla hujajipanga. Kota yenyewe lazima ina mke mwingine wa askari anayejifungia ndani akidhani yuko peke yake.

Lililo gumu ni mume. Mwambie wiki hii, mtoto akiwa amelala, naye akiwa ameshakula. Usizunguke. Taja kiasi kwanza, laki nne na sabini, halafu ndipo ueleze, maana ukianza na maelezo atakuwa anangoja kiasi. Anaweza kukasirika. Pesa ni ya jasho, na ya kikoba ni ya watu. Mkae mpange mtakavyoirudisha kidogo kidogo. Lakini mwulize na yeye jambo: yale mambo mawili yalimkuta vipi? Askari hawalii mbele za watu, na hao watoto walikuwa wake pia.

Nguo za kichanga usizichome. Zitoe chini ya shuka, uzifue kwa mkono, uzianike juani kwenye kamba yako kama nguo nyingine yoyote, na jirani akiziona, azione. Ndipo ulie. Zikikauka zikunje, uzirudishe sandukuni, safari hii juu.